MATUNZO YA KAWAIDA YA MASHINE YA BOTI: SOMO KWA WATUMISHI NA WAKAZI WA PWANI YA MTWARA

Somo hili limekusudiwa watumishi wa Serikali waliokabidhiwa vyombo vya baharini, pamoja na wavuvi, manahodha na wananchi wote wamilikio mashine za kupachika tezini, kuanzia Mikindani na Msangamkuu hadi Msimbati na vijiji vilivyo karibu na maingilio ya Mto Ruvuma. Shabaha yake ni kumwezesha mtu asiye fundi kufanya kwa mikono yake kazi zile ndogo ambazo, zikiachwa, huzaa kazi kubwa. Na kumjulisha pia mahali anapopaswa kuishia na kumwita fundi.

UMUHIMU WA SOMO KATIKA PWANI YETU

Mashine ikizimika katikati ya Ghuba ya Mtwara siku ya shwari, hasara yake ni kuchelewa. Ikizimika mlangoni mwa Ruvuma, jambo ni jingine kabisa. Hapo mto huonana na bahari juu ya mafungu ya mchanga yanayohama kila masika. Wakati wa bamvua maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na yanapokupwa huungana na maji ya mto yakaenda kasi kuelekea nje. Upepo wa kusi nao ukiwa unasukuma mawimbi ndani, mawimbi hayo huinuka na kuvunjika juu ya mafungu. Chombo chenye mashine inayofanya kazi hukata mawimbi kwa omo. Kilichozimikiwa hugeuka ubavu, na wimbi la pili au la tatu hukijaza maji.

Mto huu haukuanza leo kuwapima mabaharia. Mwaka 1861 Dk. David Livingstone aliingia Ruvuma kwa meli ya mvuke iitwayo Pioneer, akalazimika kurudi baada ya mwendo mfupi kwa kuwa maji yalikuwa yanapungua na meli ilikuwa na kina kirefu mno. Ikiwa meli yenye mainjinia wake ilishindwa, boti ya abiria wanane yenye plagi iliyochakaa haina sababu ya kujiamini.

Zaidi ya hayo, mkondo mkuu wa bahari utokao mashariki hufika pwani karibu na Rasi ya Delgado na kugawanyika: tawi moja huelekea kaskazini, jingine kusini upande wa Msumbiji. Chombo kisicho na mashine wala tanga hakichagui tawi la kufuata. Na mara nyingi aliyemo chomboni si mvuvi peke yake: ni mgonjwa anayepelekwa hospitali, mama mjamzito au mwalimu anayerejea kituoni.

NAMNA MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Mashine ya kupachika ilianza kuenea duniani baada ya Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norwei aliyeishi Marekani, kuanza kuiuza mwaka 1909. Umbo lake la msingi halijabadilika. Juu kuna kichwa, ambamo petroli huchomwa ndani ya silinda. Katikati kuna mguu, unaopitisha mhimili wa kuzungusha. Chini kuna gia na propela.

Mashine nyingi katika pwani yetu ni za mipigo miwili. Mashine za aina hii hazina hodhi la oili ndani ya kichwa. Ile ya kienyeji zaidi hutegemea oili iliyochanganywa na petroli ndani ya tangi. Pistoni, ringi na beringi hulainishwa na mchanganyiko huo tu. Basi mwenye kupunguza oili ili kubana matumizi amekula akiba ya mashine yake.

Jambo la pili la kufahamu ni upoozaji. Mashine hunyonya maji kutoka nje kupitia matundu yaliyo mguuni, pampu yenye kizungushio cha mpira huyapandisha kichwani, kisha hutolewa nje. Sehemu ndogo ya maji hayo huchirizika nyuma ya mashine ili nahodha ayaone. Mchirizi huo ndio ushuhuda wa uzima wa pampu. Ukikatika, nahodha ana muda mfupi sana wa kuzima kabla ya pistoni kushikana na silinda.

KAZI ZA KABLA YA SAFARI

Kazi hizi hazichukui robo saa, na zifanyike chombo kikiwa bado ufukweni au kimefungwa.

1. Kaza skrubu mbili zinazoibana mashine kwenye ubao wa tezi, kisha hakikisha kamba ya tahadhari imefungwa toka kwenye mashine hadi mwilini mwa chombo. Mtetemo hulegeza skrubu hata zilizokazwa jana.

2. Kagua tangi, mpira wa mafuta na kibofu cha kusukumia kwa mkono. Mpira uliopasuka huvuta hewa, na mashine hukata mwendo kana kwamba mafuta yamekwisha. Fungua tundu la hewa la tangi. Wengi wamefungua kabureta nzima kumbe kosa lilikuwa tundu hilo.

3. Jaribu swichi ya usalama kwa kuichomoa kamba yake mashine ikiwa inaunguruma. Ni lazima izimike papo hapo. Nahodha aivae kamba hiyo mkononi au mguuni wakati wote wa safari, kwa sababu chombo kisicho na mtu hugeuka na kumrudia aliyeanguka, propela ikiwa inazunguka.

4. Washa, kisha tazama mchirizi. Usiondoke kabla hujauona. Ukiwa dhaifu, zima na uzibue tundu lake kwa waya mwembamba. Mchanga na chumvi hujikusanya hapo.

5. Hesabu vya akiba: plagi zilizo sahihi kwa mashine yako, pini ya propela na pini yake ya kufungia, kamba ya kuvutia, spana ya plagi, bisibisi, koleo na kitambaa kikavu. Vyote viwe katika chombo kisichoingiza maji.

6. Hata mashine ikiwa mpya, chombo kiwe na makasia au upondo, nanga yenye kamba ndefu, kata ya kufulia maji, na jaketi la kuokolea kwa kila nafsi iliyomo.

MAFUTA NA OILI

Kipimo cha oili huamriwa na kitabu cha mashine. Mashine nyingi za mipigo miwili huagiza sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli baada ya mashine kuzoea kazi, na sehemu 1 kwa 25 katika saa 10 za mwanzo. Kwa hesabu ya galoni yetu ya lita 20, kipimo cha kwanza ni mililita 400 na cha pili ni mililita 800. Kwa tangi la lita 25, ni nusu lita na lita moja. Kadiri ya macho na vifuniko vya chupa si kipimo. Tafuta chupa moja, itie alama ya wino usiofutika, na isitumike kwa jambo lingine.

Oili iwe ile iliyoandikwa TC-W3, yaani ya mashine za mipigo miwili zinazopozwa kwa maji. Oili ya magari haikuundwa kuungua ndani ya silinda. Huacha masizi kwenye plagi, ringi na njia ya moshi. Changanya ndani ya galoni safi: tia kwanza petroli kidogo, kisha oili yote, tikisa, ndipo umalizie petroli iliyobaki. Oili ikimiminwa moja kwa moja katika tangi lililojaa, huenda ikatuama chini, na mashine ikanywa oili tupu mwanzoni na petroli tupu mwishoni.

Adui mwingine ni maji ndani ya petroli. Galoni zinazobebwa chomboni huingiwa na mvua na mawimbi. Ukiwa na shaka, mimina petroli kiasi katika chupa nyeupe ya kioo na uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatajitenga na kukaa chini. Mimina daima kupitia chujio, na usimalize galoni mpaka tone la mwisho. Mafuta yamiminwe mashine ikiwa imezimwa, pasipo sigara wala moto karibu.

KAZI ZA BAADA YA SAFARI

Chumvi haionekani inapofanya kazi yake. Maji ya bahari yakikauka ndani ya njia za kupoozea, huacha ukoko. Ukoko hupunguza njia, na mashine hupata joto hata kama pampu ni nzima. Dawa yake ni maji baridi.

Weka mashine katika pipa lililojaa maji safi mpaka matundu ya kunyonyea yafunikwe vizuri, gia ikiwa huru. Washa kwa mwendo wa chini kwa dakika 10 hadi 15, mahali penye hewa ya wazi. Kamwe usiiwashe mashine ikiwa kavu, hata kwa nukta chache za kujaribu, kwani kizungushio cha mpira hulainishwa na maji yale yale kinayoyasukuma. Kisha izime, ichomoe mpira wa mafuta, na uiache ikisimama wima mpaka maji yote yamechuruzika.

Wapo wanaosema kuwa mashine iliyopita ndani ya Ruvuma imekwisha kuoshwa na mto. Maneno hayo ni nusu ya kweli. Maji ya mto hupunguza chumvi, lakini wakati wa masika hubeba tope na mchanga mwembamba ambao husaga kizungushio cha pampu na kukaa katika njia za kupoozea. Kwa hiyo mashine iliyofanya kazi mlangoni mwa mto inahitaji kuoshwa zaidi kuliko iliyobaki katika bahari safi. Mahali ambapo maji ya kisima ni ya shida, pipa moja laweza kutumika kwa mashine kadhaa za kijiji kwa zamu, mradi maji yabadilishwe yanapoanza kuwa na chumvi au mafuta.

KUHESABU SAA, SI MIEZI

Vitabu vingi vya mashine huagiza kazi fulani zifanywe kila saa 100 au kila miezi 6, kwa kutazama ipi itatangulia. Msomaji wa haraka hushika miezi na kusahau saa. Mashine ya matembezi ya jioni huenda isifikishe saa 100 kwa mwaka. Lakini boti inayovusha abiria saa 4 kwa siku, siku 6 kwa juma, hufikisha saa 96 katika majuma manne. Maana yake ni kwamba kazi iliyodhaniwa ya nusu mwaka, kwetu ni ya kila mwezi. Hapa ndipo mashine nyingi zinapouawa na watu wenye nia njema.

Plagi. Zichomoe kila baada ya saa 50, mashine ikiwa imepoa. Rangi yake husema hali ya mashine. Ikiwa kahawia hafifu, mambo ni sawa. Ikiwa nyeusi yenye unyevu, oili imezidi au mafuta ni mengi kuliko hewa. Ikiwa nyeupe iliyoungua, mashine inapata joto kupita kiasi au mafuta hayatoshi. Usiendelee kuitumia mpaka sababu ijulikane. Safisha kwa brashi, pima mwanya kama kitabu kinavyoagiza, kisha rudisha kwa vidole mpaka ikae ndipo ukaze kidogo kwa spana. Anayeanza kwa spana huharibu nyuzi za silinda.

Oili ya gia. Ibadilishe baada ya saa 10 za kwanza, kisha kila saa 100. Mguu una skrubu mbili, ya chini na ya juu. Simamisha mashine wima, weka chombo cha kukingia, fungua ya chini kisha ya juu, oili itoke yote. Itazame kabla ya kuitupa. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia kupitia sili. Ikiwa na vipande vya chuma, meno ya gia yanalika, nayo ni kazi ya fundi. Oili mpya hujazwa kwa kusukumwa kutoka tundu la chini hadi itokeze juu bila mapovu. Funga kwanza skrubu ya juu, ndipo uchomoe bomba na kufunga ya chini kwa haraka. Hivyo oili haitamwagika. Badilisha na gasketi ndogo za skrubu hizo, kwa sababu gasketi ya zamani huruhusu maji.

Propela. Kabla ya kuigusa, chomoa vifuniko vya plagi na kamba ya swichi ya usalama, ili mashine isiwake kwa kuzungushwa. Toa propela na uchunguze mhimili wake. Katika pwani ya wavuvi, adui mkubwa wa sili ni mshipi wa nailoni na vipande vya nyavu. Vikijiviringisha nyuma ya propela hukata mpira wa sili polepole, na maji huingia kwenye gia bila mtu kujua. Ondoa kila uzi, paka grisi isiyoyeyuka kwa maji, rudisha, na uweke pini mpya ya kufungia. Mashine yenye pini ya kukatika isitiwe msumari badala yake. Pini imeundwa ivunjike propela inapogonga mwamba. Msumari hauvunjiki, na badala yake huvunjika meno ya gia.

Zinki. Kipande cha madini ya rangi ya kijivu kilichofungwa mguuni si pambo. Kimewekwa kiliwe na chumvi badala ya mwili wa mashine. Usikipake rangi, maana rangi hukizuia kufanya kazi. Na kikiisha kiasi cha nusu, kibadilishe.

Grisi na chujio. Tia grisi katika vichwa vyake vyote, hasa sehemu ya kugeuzia na ya kuinulia mashine. Safisha au badilisha chujio la mafuta lililo chini ya kifuniko cha kichwa.

Kizungushio cha pampu. Kibadilishwe walau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kwa vyombo vinavyopita kwenye tope la mto. Aliyekwisha kuonyeshwa na fundi aweza kukifanya mwenyewe. Asiyeonyeshwa asijaribu peke yake.

MASHINE IKIZAMA

Mashine iliyoanguka baharini haijafa, lakini huanza kufa inapotolewa majini, kwa sababu chumvi ikikutana na hewa hula chuma kwa kasi. Ioshe yote kwa maji baridi. Chomoa plagi, ilaze ili maji yatoke ndani ya silinda, kisha vuta kamba polepole. Ikiwa inakwama au inasaga, acha. Huenda mchanga umeingia. Ikiwa inazunguka, tia oili kidogo kwenye matundu ya plagi, vuta tena mara kadhaa, na uifikishe kwa fundi siku hiyo hiyo.

MIPAKA YA ASIYE FUNDI

Usifungue silinda, usiguse mfumo wa umeme wa kuwashia, wala usibadilishe vipimo vya kabureta kwa kubahatisha. Wenye nia ya kujifunza zaidi wakumbuke kwamba mkoa wetu una chuo cha VETA mjini Mtwara, na kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi iliyoko Mikindani. Masuala ya ukaguzi na usalama wa vyombo vidogo yako chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC.

OILI CHAFU

Oili iliyotolewa kwenye gia isimwagwe ufukweni wala mikokoni. Sehemu kubwa ya pwani tunayoizungumzia imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 na yenye eneo la kilomita za mraba 650. Mikoko ndiyo malezi ya kamba na samaki wachanga. Mvuvi amwagaye oili humo anaharibu shamba lake. Ihifadhiwe katika galoni iliyofungwa na kupelekwa gereji.

DAFTARI LA CHOMBO

Kila mashine iwe na daftari. Ziandikwe tarehe, saa za kazi, mafuta yaliyotiwa, plagi na oili zilizobadilishwa, hitilafu iliyoonekana, na jina la aliyefanya kazi. Kwa mtumishi wa Serikali jambo hili si la hiari. Chombo cha umma ni amana, na anayehamishwa kituo humwachia mwenzake mashine pamoja na historia yake. Mkuu wa kituo anayeomba plagi na oili akiwa na daftari mkononi huwa na hoja. Asiye nalo huonekana anaomba tu, na mara nyingi hunyimwa vitu vidogo mpaka mashine nzima iharibike. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mvuvi naye, daftari la senti chache humwonyesha ni lini saa 100 zimetimia, na humlinda anapoazima mashine kwa jirani au kuinunua iliyokwisha kutumika: asiulize tu bei, aombe na daftari.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Galoni yako ni ya lita 20, na kipimo ni 1 kwa 50. Utatia mililita ngapi za oili?
2. Umefungua oili ya gia, nayo ni nyeupe kama maziwa. Ni nini kimetokea, na utatazama wapi kwanza?
3. Boti ya kituo chako hufanya kazi saa 5 kwa siku, siku 5 kwa juma. Saa 100 zitatimia baada ya majuma mangapi?
4. Unakaribia mlango wa mto, maji yanakupwa, kusi inavuma, na mchirizi wa maji umekatika. Utafanya nini kabla ya kuyafikia mafungu?

Majibu ya maswali matatu ya kwanza yamo ndani ya somo. La nne lijibiwe hivi, na kila nahodha alihifadhi: geuza chombo ungali mbali na mawimbi yanayovunjika, zima mashine, tia nanga, wavalishe abiria majaketi ikiwa hawajavaa, kisha zibua tundu na matundu ya kunyonyea. Mchirizi usiporudi, usivuke. Subiri maji yajae, au rudi kwa makasia na tanga.